Kibanja hakiuzwi gizani

Mwananchi anayenunua nyumba vijijini Karagwe, iwe Ndama au kwingineko, hanunui kuta na mabati tu. Hununua pia kibanja, migomba yake, na pengine ugomvi wa ukoo mzima. Hati iliyoandikwa faraghani na watu wawili haitamkinga.

Sheria iko wazi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mauzo ya haki ya kimila yaidhinishwe na Halmashauri ya Kijiji. Nayo mila iliyomkataza mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi ilikataliwa na Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990, katika shauri lililotoka mkoani Kagera.

Hata hivyo, wapo wanaolipa kwanza na kuuliza baadaye. Walimu na watumishi wa umma ndio wanaoombwa kuwaandikia mikataba. Tunawaasa: kabla ya kushika kalamu, ulizeni kama mwenzi wa muuzaji ameridhia, majirani wameonyesha mipaka, na kijiji kimetoa idhini. Asiye na majibu asiandikiwe.