Maziwa ya ngamia ya Isiolo: Rafiki na adui wa ukoo mmoja

MAZIWA ya ngamia kutoka Isiolo husafirishwa kwa basi hadi mtaa wa Eastleigh, jijini Nairobi. Biashara hiyo, ambayo kwa kiasi kikubwa imo mikononi mwa akina mama, huzipatia familia za wafugaji chakula na karo. Lakini ndani ya mitungi hiyo limo swali zito: je, bakteria wanaochachusha maziwa hayo yakawa suusac ni rafiki au adui?

Swali hilo limefungamana na kazi ya Dasel Kaindi, mtafiti wa sayansi ya chakula katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2011, yeye na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu maziwa mabichi ya ngamia katika soko la Kenya. Mwaka uliofuata, Christoph Jans na wenzake nchini Uswisi walitangaza jenomu, yaani jumla ya jeni, ya bakteria aliyepatikana katika suusac: Streptococcus infantarius.

Bakteria huyo ni wa kundi linaloishi matumboni mwa wanyama na binadamu, na baadhi ya jamaa zake huleta maradhi. Hata hivyo, huyu wa suusac alikutwa na jeni za kutumia sukari ya maziwa zinazofanana mno na za bakteria wa mtindi. Bakteria huweza kupokezana jeni hata wasipokuwa wa jamii moja. Hivyo ndivyo mkazi wa tumboni alivyogeuka mwenyeji wa mtungi.

Mwaka 2018, Kaindi, Jans na wenzao walibainisha kwamba bakteria hao waliohusishwa na saratani ya utumbo mpana walitofautiana na ukoo mkuu wa wale wa maziwa.

Hizo ni habari njema, ila si cheti cha usafi. Maziwa mabichi yanayochacha yenyewe hubeba kila kiini kilichoingia mtungini, kikiwamo cha brusela. Kuyapiga marufuku kungewanyang'anya akina mama riziki. Kunyamaza nako kungewaacha walaji hatarini.

Njia ya busara ni kuchemsha maziwa kwanza, kisha kuyatia chachu ya bakteria walioteuliwa kwa kusomwa jeni zao. Sayansi imekwisha kuonyesha kuwa rafiki na adui hutofautishika. Linalobaki ni ujuzi huo kutoka maabara na kumfikia mama anayefunga mtungi wake Isiolo alfajiri.