Lugha ya Tangazo na Wajumbe wa Jukwaa la Bajeti

Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 kiliiagiza kila kaunti nchini Kenya iunde Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti. Mkabala na mawaziri wake huketi raia wasio watumishi wa kaunti, waliopendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na ya kidini. Usawa wa kupigiwa mfano huo, angalau karatasini.

Ila mwaliko wa kupendekeza majina aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, tena kile cha mawakili. Mama wa sokoni, ajuaye ubovu wa barabara kuliko afisa yeyote, ataiwaniaje nafasi ambayo tangazo lake halimwelei? Mwanya huo huzibwa upesi na mpambe wa wakubwa. Na hali Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia! Kaunti inayotaka washauri, si waitikiaji, na ichapishe tangazo kwa Kiswahili, ilibandike kwa chifu, sokoni, msikitini na kanisani, majuma kadhaa kabla ya siku ya mwisho. Wafasiri hawajaadimika; wanafuzu vyuoni kila mwaka na kurandaranda wakitafuta kazi.