Kipimo Kilichofungiwa Sandukuni

Wako watu waaminio kwamba vipimo vya nguvu ya mvutano wa dunia ni mali ya nchi vilimochukuliwa, na kwamba nchi yenye busara huvifungia sandukuni kama dhahabu. Imani hiyo ni potofu, nami nataka uuone upotofu wake, msomaji, kwa kuwa huenda kesho ufunguo wa sanduku hilo ukawa mkononi mwako.

Kwanza lielewe jambo lenyewe. Dunia haivuti vitu kwa nguvu sawa kila mahali. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, karibu na ikweta, akaiona saa yake ya pendulamu, iliyorekebishwa Paris, ikichelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Saa haikuwa mbovu. Mvutano wa huko ulikuwa dhaifu zaidi. Milima, mabonde na miamba iliyo chini ya ardhi nayo hubadili mvutano kidogo. Hata timazi ya mwashi, iliyo alama ya unyofu, huvutwa kidogo kuelekea mlima mkubwa ulio karibu.

Utauliza, faida yake nini? Faida mojawapo ni maji. Maji hayafuati ramani, hufuata mvutano. Setilaiti hukupa kimo cha mahali kutoka kwenye umbo la dunia lililobuniwa na wanahesabu, lakini kimo hicho peke yake hakimwambii mchimba mfereji maji yatateremkia wapi. Ili kujua kimo cha kweli kutoka usawa wa bahari, sharti mvutano ujulikane.

Hapo ndipo hoja ya wenye masanduku inapovunjika. Mwaka 1849 George Gabriel Stokes alionyesha kwamba, ili kuupata usawa huo mahali pamoja, hutakiwa vipimo vya dunia nzima, na hasa vya jirani. Mpimaji wa Kisumu anahitaji vipimo vya Entebbe na Mwanza, nao wanahitaji vyake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo hili limetambuliwa tangu zamani. Mwaka 1951 iliundwa ofisi ya kimataifa ya kukusanya, kusahihisha na kutunza vipimo vya mvutano, ambayo leo iko Toulouse, Ufaransa. Mwaka 1971 ulikubaliwa mtandao mmoja wa vituo vya kulinganishia vipimo, kwa kuwa kipimo cha Potsdam, kilichokuwa msingi wa wote, kilikuwa kimezidi ukweli. Kosa hilo lilifichuka kwa sababu wapimaji wa nchi mbalimbali walilinganisha hesabu zao. Walakini hata leo serikali na makampuni kadha wa kadha huficha vipimo vyao, na Afrika ingali na mapengo mapana.

Wapinzani husema kwamba vipimo hivi huonyesha palipo na mafuta na madini, tena husaidia kuongoza makombora. Ni kweli, wala siwacheki. Lakini tangu mwaka 2002 hadi 2017 setilaiti mbili za GRACE, za Marekani na Ujerumani, zilipima mvutano wa dunia yote bila kumbishia mtu hodi. Hata hivyo ziliona mambo makubwa tu, yaliyoenea mamia ya kilomita; bonde la kijiji halikuonekana. Basi afichaye hamfichi mgeni yale makubwa. Humfichia mhandisi wake mwenyewe, na jirani yake, yale madogo. Na aogopaye kutoa kila kipimo aweza kutoa wastani wa kila mraba wa nchi, akabakiza undani wake.

Mwezi wa Februari 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizihimiza nchi zote zishirikiane vipimo vya dunia kwa hiari. Hiari ni neno jema, bali humwachia kila mtu nafasi ya kungoja mwenzake aanze. Wewe usingoje. Siku utakapokabidhiwa vipimo vya nchi yako, kumbuka kwamba mficha uchi hazai. Vitoe, udai na vya wenzako.