Chura, panya na kocha mwenye kipyenga

KIBARAZANI na Mama Shani

Mtu akishavaa suti ya michezo na kuning'iniza kipyenga shingoni, sisi humkabidhi watoto wetu bila hata kumuuliza amesomea wapi. Naandika nikiwa na hasira, na wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua hasira zangu hazipoi kwa samahani.

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu mazoezini, uwanja wa shule moja huku Temeke. Saa saba mchana, jua la Februari, kuku wote wameshajificha. Timu ya watoto wa chini ya miaka 15 ilikuwa imefungwa wiki iliyopita, kwa hiyo walikuja kulipa deni: mizunguko ya uwanja, kisha kuruka kichura kutoka goli hadi goli. Mtoto mmoja, mdogo kuliko jezi yake, akainua mkono: “Kocha, naomba maji.” Akajibiwa kwamba maji yanatia uzito, mchezaji anasukutua tu. Aliyesema hayo ameketi chini ya mwarobaini na chupa ya maji baridi mapajani, chupa inatoka jasho kwa raha zake.

Nikamfuata. Nilianza na salamu, maana nimelelewa. Akaniambia, “Mama, hii ni sayansi ya michezo.” Hapo ndipo mori uliponipanda.

Sayansi ipi? Sehemu kubwa ya nishati inayotumiwa na misuli, kama robo tatu hivi, hugeuka joto, na mwili hulitoa joto hilo kwa jasho. Jasho nalo hupoza likikaukia kwenye ngozi. Likidondoka chini, limepotea bure. Kwa unyevu huu wa Dar, jasho halikauki, linachuruzika tu. Ndiyo maana wale watoto walikuwa wamelowa chapachapa na bado miili inawaka, huku moyo ukihangaika kugawa damu iliyopungua maji kati ya misuli na ngozi. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42 na ushei kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40, waendesha baiskeli walikuwa wakimpa chupa za kinywaji njiani. Bahati mbaya hakuwepo wa kumwambia atakuwa mzito.

Mtoto mwingine akaanza kuchechemea, miguu inamuuma tangu mazoezi ya Alhamisi. Kocha: “Hiyo ni asidi imeganda. Kimbia itoke.”

Asidi laktiki ni shetani wa viwanjani, kila kinachouma husingiziwa yeye. Ukweli ni kwamba laktiki inayozalishwa misuli ikienda kasi huchukuliwa na damu. Moyo huitumia, ini huirudisha kuwa sukari, na ndani ya saa moja hivi ya mapumziko mambo yamesharudi kawaida. Ya Alhamisi haiwezi kuuma Jumamosi. Maumivu ya siku ya pili na ya tatu hutokana na nyuzi za misuli kuchanika kidogokidogo, hasa msuli unapovutwa huku unajizuia, kama mtu anapotua chini. Yaani kichura chenyewe! Aliwaumiza Alhamisi, na Jumamosi anawatibu kwa kuwarudishia kilekile.

Na najua uvumi huu ulikotoka. Otto Meyerhof, aliyegawana Nobel ya mwaka 1922 na Mwingereza A. V. Hill, aliichunguza asidi hiyo kwenye misuli ya chura iliyokatwa na kutolewa mwilini. Msuli usiopitiwa na damu utajaa asidi, hilo halina ubishi. Lakini hawa watoto wana mioyo. Kocha amemchukua chura wa maabara akamfanya adhabu.

Ikafika zamu ya penalti. “Ukikosa, timu nzima mizunguko kumi!” Mpwa wangu akautazama mpira, akawatazama wenzake, akatutazama sisi. Mpira ulipaa juu ya mwarobaini. Mzazi aliyekaa jirani yangu akacheka, “Anawakomaza.”

Mwaka 1908 Yerkes na Dodson, huko Marekani, waliwafunza panya kuchagua kisanduku kwa kuwapiga shoti ya umeme wakikosea. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali ilisaidia. Ilipokuwa ngumu, panya waliotishwa kwa kiasi walijifunza upesi kuliko waliotishwa sana. Kumbe hata panya alipimiwa kiasi cha kutishwa. Mpiga penalti wa Temeke anapigwa shoti ya juu kabisa, tena mbele ya shangazi yake.

Maji niliyanunua mwenyewe duka la ng'ambo ya barabara. Kocha akapuliza kipyenga, hakuna mtoto aliyegeuka.

Jumatatu tangazo likaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: kila mmoja achangie elfu kumi ya unga wa kuyeyusha asidi. Wameshaanza kutuma, na mweka hazina ni yule aliyecheka. Nikajibu kwamba mchango wangu utakuwa ndoo yenye bomba na vikombe, chenji ikibaki kocha anunuliwe kitabu cha biolojia cha sekondari.

Nimeondolewa kwenye kundi. Ndoo itafika Jumamosi, saa saba kamili.