Bustani Ndani ya Chupa ya Jamu



Mama mmoja wa Madungu, kule Chake Chake, ametuletea swali ambalo huenda wengine mtalicheka. Binti yake wa miaka tisa hubandua kuvumwani, ile mimea midogo ya kijani inayotanda kama zulia chini ya ukuta wakati wa masika, akaitia katika chupa ya jamu iwe bustani yake. Mara mbili bustani imekufa na mtoto amelia. Baba anasema huo ni uchafu na makazi ya mbu, chupa itupwe. Mama afanyeje?

Mimi sicheki. Mtoto anayetaka kutunza kitu chenye uhai asikatwe mkono. Lakini hofu ya baba tuisikilize kwanza, maana ina sababu. Mbu hutaga mayai penye maji yaliyotuama. Kuvumwani hutaka unyevu tu, na chupa ikifunikwa mbu hana njia. Ule utelezi wa kijani wa bafuni ni kitu kingine kabisa. Huo usugueni, usije ukamwangusha bibi.

Sasa, kwa nini bustani ilikufa? Sikuiona, ila nina dhana mbili: maji mengi na jua. Kuvumwani haina mizizi kama mchicha. Ina vinyweleo vya kujishikiza tu, na maji huyanywa kwa majani yake. Ukiimwagia kikombe kizima inaoza. Ukiiweka dirishani penye jua, chupa iliyofungwa hupata joto kama sufuria yenye mfuniko, na mimea inapikika humo ndani.

Mwambie binti aoshe chupa vizuri, atie kokoto chini, juu yake vipande vya makaa kuzuia harufu, kisha udongo kidogo. Mchanga wa pwani asitumie, una chumvi. Kuvumwani aibandue pamoja na udongo wake mwembamba, aibonyeze kwa vidole ishike, halafu anyunyize matone machache. Maji ya mvua ndiyo bora. Kama maji yenu huacha utando mweupe ndani ya birika, yana chokaa, na chokaa hiyo hubaki juu ya majani. Chupa ikae mahali penye mwanga wa kutosha kusoma gazeti, lakini jua lisiifikie.

Akishafunika, akae na subira (hapo ndipo pagumu kwa mtoto!). Maji hupanda kama mvuke, hugusa kioo, hurudi chini kama mvua. Kioo kikilowa kutwa nzima, afungue kifuniko saa chache. Kikiwa kikavu siku kadhaa, anyunyize tena. Akiona ukungu mweupe, aondoe sehemu iliyooza na kuacha chupa wazi siku moja.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1829 daktari wa London, Nathaniel Ward, alifungia kifukofuko cha nondo katika chupa yenye udongo mbichi. Akaona kangaga na nyasi zimechipua humo, naye alikuwa ameshindwa kukuza kangaga bustanini kwa sababu ya moshi wa mji ule. Mwaka 1833 alituma mimea hadi Australia katika masanduku ya kioo, ikafika hai. Baadaye Robert Fortune alitumia masanduku ya namna hiyo kupeleka miche ya chai kutoka China hadi India. Baba huenda akapenda kusikia habari hiyo akiwa na kikombe mkononi.

Kiganja kimoja cha kuvumwani kutoka ukutani kwenu kinatosha. Mkienda kutembea msitu wa Ngezi, msibandue kitu, msitu ule umehifadhiwa. Chupa ipewe mwezi mmoja pale barazani kivulini, na kifuniko kikazwe vizuri, kwa ajili ya baba.