Msituambie Wazazi Hawapendi Shule

Katika mjadala wa darasa letu, mwenzetu mmoja alisema watoto wa maskini hawaendi shule kwa sababu wazazi wao hawajui thamani ya elimu. Tukapiga makofi. Nami nilipiga, na hadi leo naona haya, maana ninaishi Kimironko, nyuma ya soko, na ninajua kuwa si kweli.

Njooni sokoni Jumanne saa nne asubuhi. Mtamkuta mvulana wa miaka 11 hivi akiwabebea wateja viazi na ndizi hadi kwenye pikipiki. Mimi mwenyewe nilimpa mzigo wangu, kisha nikajifanya mwalimu kumwuliza kwa nini hayuko shuleni. Akanitajia shule yake, darasa lake, hata jina la mwalimu. Ameandikishwa! Katika takwimu huyu ni mwanafunzi kamili. Lakini mama yake hutembeza parachichi kwenye beseni, biashara iliyokatazwa jijini, na wiki ile beseni lilichukuliwa pamoja na mtaji. Mtoto alikuwa anatafuta mtaji mwingine.

Mtasema elimu ni bure. Ni kweli Rwanda ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, na mwaka 2022 mchango wa chakula wa mzazi katika shule hizo za umma ulipangwa kuwa faranga 975 kwa muhula. Ni kidogo, nakubali. Ila sare haimo humo, wala viatu, wala madaftari, na zaidi ya yote haimo pesa ambayo mtoto huyu angeiingiza nyumbani siku hiyo. Akikosa siku nyingi, anarudia darasa. Akirudia mara mbili anakuwa mrefu kuliko wenzake wote, anachekwa, anaacha. Hapo ndipo tunapokuja na utafiti wetu kuandika kwamba familia yake haikujali.

Kama maskini hawapendi shule, Kenya ilipofuta ada Januari 2003, wale watoto zaidi ya milioni moja waliofurika madarasani walitoka wapi? Uganda ilikwishaona jambo hilohilo mwaka 1997. Je, wazazi wote hao walielimishwa usiku mmoja? Kilichobadilika ni bei, wala si mioyo yao.

Wazazi wazembe wapo, sikatai. Wapo hata kwa matajiri, ila mtoto wao hupelekwa shule na dereva.

Mwenzetu alimaliza kwa kupendekeza semina za kuhamasisha wazazi, na pendekezo hilo nimelikuta katika insha zetu nyingi, zikiwemo zangu mbili za mwaka jana. Basi namwuliza: mama yule akija kuketi kwenye semina yako asubuhi nzima, parachichi zake atamuuzia nani? Mtoto wake?