Binti akisema anataka utafiti

Wiki iliyopita tuliongea juu ya minervali, na maswali yakaendelea kuja hata kikao kilipokwisha. Moja lilitushika. Mama mmoja wa likelemba yetu ana binti aliye karibu kumaliza masomo ya udaktari hapa Goma. Nyumbani watu wanahesabu siku: akimaliza tu, atafute kazi kwenye kituo cha afya au kwenye shirika, alete kitu, maana wadogo zake watatu wanangoja. Sasa binti amesema hapana, kwanza anataka mwaka mmoja wa staji katika laboratwari, halafu aendelee na utafiti. Baba mkubwa akauliza: "Utafiti unaliwa na sombe?"

Sisi tulicheka. Mama hakucheka, alitaka jibu.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa wengi wetu neno utafiti linaleta picha mbaya: gari la wageni, sindano, karatasi za Kifaransa, watu wanaouliza siri za nyumba yako halafu hawarudi hata kusema asante. Picha hiyo haikutoka hewani. Lakini si picha nzima, na ile sehemu tusiyoiona ndiyo inayowagusa watoto wetu zaidi.

Wengi mnajua Lwiro, upande wa Kabare, Kivu ya Kusini. Kituo cha utafiti kiko pale tangu 1947. Karibu nacho kuna hospitali ambayo kwa miaka mingi imepokea watoto wenye bwaki, wale wanaovimba miguu na nywele kugeuka rangi. Kati ya 1988 na 2007, watoto waliotibiwa pale waliandikwa: jina, kijiji, kilo, urefu. Hesabuni wenyewe nini kilipita Kivu katika miaka hiyo. Vita ya 1996, vita ya 1998, watu kukimbia na kurudi. Lakini yale maandishi yalibaki.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu, aliyekuwa akitayarisha doktora yake pamoja na chuo cha Brussels, alishika kazi ya kuwatafuta watoto wale. Sasa walikuwa watu wazima, wengine wana watoto wao. Wa-RECO walizunguka vijiji wakiuliza: mwana wa fulani yuko wapi? Waliopatikana walipimwa, wakalinganishwa na watu wa umri wao, wa sehemu zilezile, ambao hawakuugua bwaki utotoni. Matokeo yalitolewa 2020 na 2021. Waliougua walikuwa wafupi zaidi, nguvu ya mikono yao ilikuwa pungufu, shuleni walifika karibu zaidi kuliko wenzao, yaani hawakufika mbali, na walikuwa na dalili zaidi za yale magonjwa ya mafuta ya tumbo na sukari.

Wamama, fikirieni maana yake. Tulizoea kusema mtoto akitoka hospitali na mashavu yamejaa, amepona, tumshukuru Mungu, mambo yamekwisha. Kumbe mtoto yule anahitaji jicho la pili shuleni, na la tatu akiwa mtu mzima. Hilo hatukulijua kwa sababu hakuna mtu aliyerudi kuangalia. Alirudi mtu aliyekuwa bado mwanafunzi, na alichoshika mkononi kilikuwa majina yaliyoandikwa zamani na wauguzi, na majibu yaliyotolewa na wamama waliokaa kwenye benchi na mtoto mgonjwa magotini.

Kwa hiyo, Baba mkubwa, utafiti hauliwi na sombe, lakini unaweza kusema mtoto aliyekosa sombe na maharagwe atapoteza nini miaka ishirini baadaye.

Mfano wa pili mnaujua kwa jina la ugonjwa, ingawa hadithi yake huenda hamkuisikia yote. Profesa Jean-Jacques Muyembe alisomea udaktari Lovanium, Kinshasa, akaenda Leuven, Ubelgiji, akapata doktora ya virusi 1973, akarudi nyumbani. Mwaka 1976 alikuwa kati ya watu wa kwanza waliofika Yambuku ugonjwa usiokuwa bado na jina ulipoanza kuua. Mwaka 1995, Ebola ilipopiga Kikwit, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Saba waliishi. Wataalamu wengi wa nje hawakukubali, walisema hakuna kundi la kulinganisha, pengine wale saba wangepona tu. Labda ilikuwa haki yao kusema hivyo, ila ni uchungu kusikia.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti wa Kongo, Marekani na Uswisi walipata kinga iliyofanywa dawa, ikaitwa mAb114. Na ilipimwa wapi? Hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, katika ile Ebola ya 2018 hadi 2020 iliyoua watu 2,287, wengi wao katika jimbo letu na Ituri. Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingia katika kazi hiyo ya kulinganisha dawa nne. Waliopewa ile dawa ya kulinganishia walikufa karibu 50 kwa kila 100. Waliopewa mAb114, 35 kwa kila 100. Waliofika mapema, virusi bado vichache mwilini, walikufa karibu 10 tu kwa 100. Ripoti ilipotoka, jina la kwanza juu yake lilikuwa la daktari Mkongomani, Sabue Mulangu.

Kutoka Kikwit hadi Beni ni zaidi ya miaka ishirini. Ndiyo maana binti wa mwenzetu akisema "nipeni mwaka mmoja", tusimwone mvivu.

Sasa, nafasi ziko wapi? Karibu kuliko tunavyofikiri. INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa iliyoundwa Kinshasa 1984, ina laboratwari hapa Goma iliyofunguliwa 2021. Walimu wengi wa vyuo vyetu vya udaktari wanafanya kazi hospitalini na kwenye utafiti kwa wakati mmoja, na mwanafunzi anaingia kupitia mwalimu wake. ULPGL inashirikiana na hospitali ya HEAL Africa. Bukavu, Panzi ni hospitali ya mafunzo ya chuo cha UEA, na UCB ina shule yake ya afya ya jamii. Mlango wa kwanza ni kazi ya mwisho wa masomo, ile wanayoita TFC au memwari. Wengi wanainunua au wanaikopi kwa mwenzao, tuseme ukweli. Anayeifanya mwenyewe, akahesabu wagonjwa mwenyewe, mwalimu anamkumbuka siku nafasi ya staji ikipatikana. Na mambo ya kutafiti hayakosekani mji huu. Meno ya rangi ya kahawia ya watoto wetu, kwa mfano: maji mengi ya sehemu hizi za volkano yana fluori kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo OMS inashauri. Nani atapita nyumba kwa nyumba kuhesabu meno hayo kama si watoto wetu wenyewe?

Na kazi hii si ya wanaume tu. Ng'ambo ya mto, Brazzaville, Profesa Francine Ntoumi, mtafiti wa malaria, aliunda mwaka 2008 mfuko wa utafiti wa afya, na mfuko huo una mpango maalumu wa kuwasukuma wasichana kwenye sayansi.

Tusiwadanganye upande wa pesa. Staji nyingi hazilipi, au zinalipa usafiri tu. Mwaka mmoja bila mshahara katika nyumba ya watoto wanne ni mzigo, na mama ndiye anayeubeba, kwa kupunguza mtaji wa biashara yake ya soko la Virunga. Kuna na hatari. Januari 2025, vita ilipoingia mjini, Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulitoa sauti kuhusu laboratwari ya INRB hapa Goma: umeme ukikatika, sampuli za magonjwa kama Ebola zilizohifadhiwa mle zitakuwaje? Mama mwenye mtoto anayeingia jengo hilo kila asubuhi ana haki ya kuogopa.

Ndiyo maana tulimshauri mwenzetu asiseme ndiyo wala hapana kwanza, aombe kuona barua. Nafasi ya kweli ina barua yenye jina la chuo au taasisi, jina la profesa atakayemsimamia, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Aulize nani analipa usafiri, nani anatoa glavu na chanjo, na kama jina la binti litaandikwa kwenye ripoti au atakuwa mbeba mifuko tu. Mtu akiomba dola hamsini za "dosie" kwa simu kabla hujaona ofisi yake, huyo si taasisi. Na anayesema nafasi iko lakini binti aje kuonana naye hotelini jioni, mnajua wenyewe. Si maneno ya kutisha watoto: tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti Septemba 2021 kuhusu wanawake wa jimbo letu walioahidiwa kazi wakati wa Ebola kwa sharti la mwili wao. Waliofanya hivyo walikuwa na beji na magari. Binti ajue mapema kwamba mama yake hatamlaumu akiikataa nafasi ya namna hiyo, hata kama nyumbani hakuna unga.

Halafu kuna upande wetu sisi tunaobaki mlangoni. Siku moja atakuja mwanafunzi wa mtu mwingine, na fomu mkononi, akuulize juu ya mtoto wako. Majirani zetu wa Majengo na Kahembe wanajua. Novemba 2019 kule ndiko ilikoanzia ile kazi ya chanjo ya pili ya Ebola, ya sindano mbili, na zaidi ya watu 20,000 walipata sindano ya kwanza. Waliitwa, wakaelezwa, wakachagua. Wewe pia, mwanafunzi huyo lazima akueleze kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa, anatafuta nini, utapata nini na hutapata nini, nani atayasoma majibu yako. Lazima awe na ruhusa ya kamati ya maadili, karatasi yenye muhuri. Ukisema hapana, mtoto wako ataendelea kutibiwa kama kawaida. Ukisema ndiyo leo, kesho unaweza kujitoa. Na muulize: majibu yatarudi kwetu lini? Wengi swali hilo linawashinda. Tuendelee kuliuliza.

Wengine kati yetu wanasema tuwafukuze tu, tumechoka kuhesabiwa. Tunawaelewa. Lakini wale wa Lwiro wa 1988 wangefukuzwa, leo tusingejua chochote juu ya bwaki na miaka inayofuata. Mwanafunzi mwenye heshima apewe kiti na maji. Asiye na karatasi arudi alikotoka kuitafuta.

Mwenzetu ataongea na shemeji zake Jumapili hii, na wawili kati yetu watamsindikiza, maana neno la mama mmoja mbele ya baba wakubwa watatu ni dogo. Likelemba imekubali zamu yake isogezwe mbele ili apate usafiri wa miezi ya kwanza, kama familia itakubali. Wengine wenye watoto walio mwaka wa mwisho wa udaktari, uuguzi au laboratwari, na wana barua ya staji isiyoeleweka, waje nayo kwenye kikao cha wiki ijayo, saa nane mchana. Kati yetu wapo wanaosoma Kifaransa vizuri. Tutaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari.